Mdudu Huja na Gunia: Nafaka na Waharibifu Wake katika Nyumba za Eastlands

Wadudu wanaoharibu nafaka nyumbani ni nadra kuingia jikoni kwa kupitia mlangoni au dirishani, ingawa ndivyo wengi wanavyodhani wanapowaona wakitambaa ukutani juu ya ndoo ya maharagwe. Kwa kawaida huwa wameletwa na mwenye nyumba mwenyewe, wakiwa mayai na mabuu, ndani ya punje aliyoinunua au kutumiwa ikiwa nzima na safi machoni. Kutojulikana kwa jambo hili moja ndiko kunakozifanya juhudi nyingi za kuwaangamiza katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, ziishie katika hasara na mara nyingine katika hatari: dawa hupuliziwa kabatini, ukutani na sakafuni, ilhali mharibifu amejifungia ndani ya punje ya hindi, mahali ambapo dawa ya kupulizia haifiki. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na kwa habari ya nafaka msemo huo ni kweli kama ulivyo.

Eastlands ni jina la jumla la mitaa iliyo mashariki mwa kitovu cha jiji, na makazi yake yalijengwa kwa awamu zilizoacha nyumba za namna mbalimbali: nyumba za baraza la jiji huko Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati, Maringo na Jericho, viwanja vya Dandora vilivyoanza kugawiwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nyumba za Buruburu na Umoja zilizoanza kujengwa katika mwongo huo huo, kisha magorofa ya kupangisha ya Kayole, Huruma, Tassia na Pipeline, ambako familia nzima huweza kuishi katika chumba kimoja cha futi 10 kwa 10. Ushauri mwingi kuhusu uhifadhi wa nafaka huandikwa kwa ajili ya mkulima mwenye ghala lililotengwa na nyumba, au kwa ajili ya jikoni lenye stoo na friza; haukumfikiria mtu ambaye gunia lake limesimama kati ya kitanda na jiko la gesi, ambaye mvuke wa chai na wa sufuria ya githeri hulifikia gunia hilo kila siku, na ambaye hana mahali pengine pa kulala iwapo ataamua kulifukiza kwa dawa. Kwa mtu huyu ndipo kila shauri linapopaswa kupimwa, na mengi hayapiti mtihani huo.

Nafaka humfikia mtu huyu kwa njia mbili. Ya kwanza ni duka la nafaka na kibanda cha sokoni, kuanzia Gikomba na Muthurwa hadi Mutindwa na Kariobangi, ambako bidhaa hutoka kwa wauzaji wa jumla wa Nyamakima au hushushwa moja kwa moja kutoka kwenye malori, na ambako kipimo kinachotawala ni gorogoro, yaani mkebe wa bati unaobeba takriban kilo 2, uliorithiwa kutoka mikebe ya mafuta ya kupikia. Magunia husimama wazi, midomo yake ikiwa imekunjwa kwa nje kama ukosi wa shati, maharagwe ya nyayo kando ya ndengu, ndengu kando ya njahi, na mdudu aliyekomaa katika gunia moja huhamia la jirani bila kizuizi chochote. Njia ya pili ni gunia la nyumbani, yaani lile la wazazi walioko mashambani, linaloshushwa kutoka kwenye buti ya basi katika stendi ya Machakos Country Bus baada ya likizo ya Desemba, wakati mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yamekwisha kuvunwa, au mnamo Agosti baada ya mavuno ya maharagwe. Tofauti kubwa kati ya njia hizi ni muda. Nyumba inayonunua gorogoro moja kwa juma huwa imeyapika maharagwe hayo kabla ya yai lililomo kuwa mdudu, kwa hiyo hata kama mdudu alikuwamo, hakuna anayepata kumwona. Gunia la nyumbani hukaa miezi, na ndani ya miezi hiyo mharibifu huzaa, watoto wake huzaa, na wajukuu wake ndio wanaoonekana ukutani.

Anayejulikana zaidi katika mahindi ni fukusi, mdudu mdogo wa rangi ya hudhurungi iliyokoza, mwenye urefu wa milimita 3 hivi na mdomo uliochongoka mbele kama mkonga mfupi, ambaye wanasayansi humwita Sitophilus zeamais. Jike lake hutoboa tundu dogo katika punje kwa mdomo huo, hutaga yai moja ndani yake, kisha huliziba tundu kwa utomvu unaoganda na kufanana na rangi ya punje, hivyo kwamba jicho, liwe makini kiasi gani, halitambui kuwa hindi hilo limekwisha kupata mpangaji. Buu likianguliwa hula kiini cha punje likiwa humo humo, hukua humo, hugeuka mdudu kamili humo, na hutoka tu anapokuwa tayari kujamiiana, akiacha lile tundu la mviringo ambalo watu hulichukulia kama dalili ya mwanzo wa uharibifu ilhali ni dalili ya mwisho wake. Katika joto la nyuzi 27 na unyevu wa kutosha, safari yote kutoka yai hadi mdudu huchukua takriban siku 35. Jike mmoja huweza kutaga mayai mia kadhaa maishani mwake. Hata tukichukua hesabu ya woga na kusema kwamba kila jike huacha majike 20 tu waliokomaa, mmoja aliyeingia na gunia mwezi wa Januari atakuwa na majike 8,000 wa kizazi cha tatu ifikapo katikati ya Aprili, ambao ndio wakati ambapo mvua za masika huongeza unyevu wa hewa na kuwarahisishia kazi. Fukusi, isitoshe, ana uwezo wa kuruka, naye huanza kuyashambulia mahindi yakiwa bado shambani, yakikauka kwenye mabua. Ndiyo maana gunia lililofungwa vizuri siku ya mavuno laweza kufunguliwa likiwa limejaa vumbi.

Hali ya hewa ya Nairobi huwapa wakazi nafuu ambayo wenzao wa Mombasa au Kisumu hawana, kwa sababu jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai hupunguza kasi ya wadudu hawa kwa kiasi kikubwa. Nafuu hiyo hupungua sana ndani ya chumba kimoja kinachopikiwa, ambako joto hubaki kuwa la wastani mwaka mzima. Gunia lililo karibu na jiko huharibika kabla ya lile lililo mbali nalo, na mwenye nyumba anayefahamu hili huanza kwa kulihamisha.

Mharibifu mwingine wa mahindi anastahili kutajwa peke yake kwa sababu historia yake inajulikana na madhara yake ni makubwa kuliko ya fukusi. Huyu ni dumuzi, Prostephanus truncatus, mwenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, aliyefika Tanzania katika eneo la Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na kugunduliwa nchini Kenya mwaka 1983 huko Taveta, ng'ambo tu ya mpaka. Wakulima walimpa majina ya utani yanayoeleza hofu yao: Tanzania aliitwa Scania, kwa jina la malori makubwa, na sehemu kadhaa za Kenya akaja kuitwa Osama. Dumuzi hula punje, gunzi, hata mbao za ghala, naye huacha unga mwingi mweupe kiasi kwamba gunia lililokuwa zito hunyanyuliwa kwa mkono mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ilimleta na kumwachilia mdudu mwingine, Teretrius nigrescens, anayemla dumuzi katika nchi zao za asili, na alisaidia kwa kiasi fulani porini na mashambani; katika chumba cha Kayole msaada wake haufiki, na ishara ya kumtambua dumuzi hubaki kuwa wingi wa unga chini ya gunia ukilinganishwa na uchache wa wadudu wanaoonekana juu.

Maharagwe na ndengu vina wadudu wa jamii nyingine, wafupi na wanene, wasio na mkonga, na hapa kuna tofauti ndogo yenye manufaa makubwa jikoni. Mdudu wa maharagwe ya kawaida, Acanthoscelides obtectus, hutaga mayai yake yakiwa huru kati ya punje, kwa hiyo buu linapoanguliwa hulazimika kutembea, kutafuta punje, na kuitoboa, kazi inayolichukua muda wa saa nyingi. Mdudu wa kunde na ndengu, wa jenasi ya Callosobruchus, hubandika kila yai juu ya ganda la punje kwa gundi, na buu hutoboa moja kwa moja kutoka ndani ya yai hadi ndani ya ndengu bila kuonekana nje hata kidogo. Mayai haya yanaonekana kwa macho: mtu akimimina ndengu chache kiganjani na kuzigeuza penye mwanga wa dirisha, ataona juu ya ganda la kijani doa jeupe, dogo kuliko kichwa cha pini, lililong'aa kama tone la maziwa lililokauka. Punje yenye doa hilo ina mpangaji. Baadaye hutokea alama ya pili, duara jeusi chini ya ganda, kama dirisha lenye kioo cha moshi, kwa kuwa buu limekwisha kula hadi karibu na ngozi ya punje na kuacha utando mwembamba ambao mdudu ataukata siku ya kutoka. Muuzaji mwaminifu hatachukia mnunuzi akifanya uchunguzi huu kabla ya gorogoro kujazwa, na mnunuzi hana sababu ya kuona haya kuufanya.

Unga nao hushambuliwa na mdudu mwekundu wa hudhurungi, Tribolium castaneum, ambaye hawezi kuitoboa punje nzima na kwa hiyo hutegemea vumbi, chenga na unga uliosagwa. Anapozidi, hutoa kemikali ziitwazo kwinoni, ambazo huupa unga harufu kali na wekundu hafifu. Unga uliofika hali hiyo hautengenezeki kwa kuchekechwa. Unga wa kinu cha mtaani, unaosagwa pamoja na kiini chenye mafuta, hupata uchachu upesi kuliko ule wa pakiti uliokobolewa, na ni busara kusaga kinachotosha majuma mawili au matatu badala ya kusaga debe zima. Nondo wa unga hutambulikana kwa nyuzi kama za buibui zinazoshikanisha unga kuwa mabonge. Mabuu yake hupanda ukutani na kujificha katika pembe za dari, na hao ndio miongoni mwa wachache ambao kufagia dari huwapunguza kweli. Omena iliyokauka ina wadudu wake pia, wenye mabuu ya manyoya, na dawa yake ni kununua kidogo, kuikaanga kavu sufuriani mara ifikapo nyumbani, na kuifungia chomboni ikiwa imepoa kabisa.

Kabla ya kueleza kinachofaa, lazima lisemwe wazi jambo lisilofaa, kwa kuwa gharama yake ni uhai. Kuna vidonge vya kijivu vya kufukizia nafaka, vilivyotengenezwa kwa fosfidi ya alumini, ambavyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo huua wadudu hata walio ndani ya punje, na katika maghala makubwa, mikononi mwa wataalamu waliofunzwa, ina nafasi yake. Katika nyumba ya kuishi haina nafasi hata ndogo. Huvuja kupitia mishono ya gunia, hupita nyufa za ukuta na chini ya milango, humfikia jirani asiyejua chochote, na harufu yake, inayofananishwa na ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, haiwezi kutegemewa kumwonya aliyelala. Wala hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hiyo mwilini mwa aliyeivuta. Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 1982, ndiyo inayosajili na kusimamia dawa za aina hii nchini Kenya, na kidonge kinachouzwa kimoja kimoja, kikiwa kimefungwa kwenye kipande cha gazeti bila lebo, kiko nje ya kila kanuni. Anayekipeleka katika chumba wanamolala watoto anafanya kosa ambalo hakuna hasara ya mahindi inayoweza kulihalalisha.

Vumbi la dawa ya kuhifadhia nafaka, ambalo wakulima huchanganya na mahindi kwa kipimo kama gramu 50 kwa gunia la kilo 90 kulingana na maelekezo ya pakiti, ni jambo tofauti, lakini nalo lilikusudiwa nafaka nzima itakayokaa miezi, ikachekechwa na kuoshwa kabla ya kuliwa. Halitiwi katika unga wala mchele, na halitiwi mara ya pili katika gunia ambalo wazazi walikwisha kulitia dawa huko nyumbani. Swali la kwanza kwa simu gunia linapopokelewa, baada ya salamu na shukrani, linafaa kuwa kama lilitiwa dawa, ipi, na lini.

Desturi ya kuanika nafaka juani juu ya paa la gorofa, kati ya kamba za nguo, ni nzuri, ila inahitaji kueleweka. Jua la kawaida huwafanya wadudu wakubwa wakimbie joto na kuondoka, na uteo ukipita baadaye hupeperusha vumbi na maganda. Lakini buu lililo katikati ya punje halipati joto la kuliua, na baada ya majuma matatu wadudu hutokea upya, mwenye nyumba akadhani wamerudi kutoka kwa jirani. Ili joto liwe la kuua, nafaka hutandazwa kwa unene mdogo juu ya karatasi ya nailoni nyeusi iliyowekwa juu ya magunia makuukuu, kisha hufunikwa kwa karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, na kingo zote hukandamizwa kwa mawe ili hewa moto isitoke. Majaribio ya njia hii kwa kunde yameonyesha kuwa nyuzijoto 57 kwa saa moja huua mdudu katika kila hatua ya maisha yake, na chini ya nailoni penye jua kali kiwango hicho hufikiwa. Januari na Februari, miezi yenye anga safi Nairobi, ndiyo miezi ya kazi hii. Katika mawingu ya Julai ni kazi bure. Aliye na friza huweza kupata matokeo yale yale kwa baridi, kwa kuigandisha nafaka iliyofungwa vizuri kwa juma zima, na duka dogo lenye friza ya aiskrimu huenda likakubali kumhifadhia jirani kilo chache za mchele kwa siku hizo saba.

Njia inayolingana zaidi na nyumba ya chumba kimoja, hata hivyo, ni ya kuwanyima wadudu hewa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kaskazini mwa Kameruni, watafiti wakiongozwa na Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walishirikiana na wenzao wa huko kutengeneza mfuko wa tabaka tatu kwa ajili ya wakulima wa kunde: mifuko miwili ya ndani ya nailoni nzito isiyopitisha hewa, na mmoja wa nje uliofumwa kama gunia la kawaida ili kuilinda ile ya ndani. Mifuko hiyo, inayojulikana kwa jina la PICS, pamoja na mingine ya mtindo huo, sasa huuzwa Kenya katika maduka ya pembejeo za kilimo, ya kilo 90 na ya kilo 50. Kanuni yake ni kwamba wadudu wenyewe, kwa kupumua, huimaliza oksijeni iliyobaki kati ya punje na kuongeza kabonidioksidi, na baada ya siku chache huacha kula. Kinachowaua ni cha kushangaza: kundi hilo hilo la Murdock lilionyesha kwamba hufa kwa kiu. Ndani ya nafaka kavu hakuna maji ya kunywa, hivyo mdudu hujitengenezea maji mwilini mwake kwa kukiunguza chakula kwa oksijeni. Oksijeni ikikosekana, maji hayatengenezwi, naye hukauka polepole akiwa amezungukwa na chakula.

Anayeielewa kanuni hii huona mara moja kwamba haihitaji mfuko maalumu. Jerikeni ya lita 20 iliyokuwa na mafuta ya kupikia, ikioshwa kwa maji moto na sabuni na kukaushwa hadi isibaki hata tone, ni ghala kamili la maharagwe au ndengu; chupa ya plastiki ya soda ya lita 2 ni ghala la mchele. Masharti ni matatu, na yote yana sababu moja. Chombo kijazwe hadi shingoni, kikitikiswa ili punje zishuke na kuongezwa tena, kwa kuwa nafasi tupu ni akiba ya hewa kwa wadudu. Kifuniko kikazwe juu ya kipande cha nailoni ili kisivuje. Na kisifunguliwe kabla ya majuma manne au sita, kwa maana kila kufungua ni kuwapa wadudu pumzi mpya. Kwa sababu hiyo gunia la kilo 90 likigawanywa katika jerikeni sita au saba hudumu kuliko likiachwa katika pipa moja linalofunguliwa kila siku, na jerikeni saba hupangika chini ya kitanda, jambo ambalo gunia haliwezi. Ndoo zilizokuwa na rangi ya nyumba au kemikali zisitumiwe kwa kazi hii hata zikioshwa mara ngapi.

Jerikeni inayotumika, ambayo haijai tena na hufunguliwa kila siku, ina tiba yake ya ajabu kwa maharagwe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walichapisha mwaka 1991 matokeo ya jaribio rahisi: chombo kilichojaa maharagwe nusu kikibingirishwa asubuhi na jioni, karibu wadudu wote hushindwa kuzaana. Buu lililoanguliwa nje ya punje hulazimika kujikaza kati ya maharagwe mawili ili lipate nguvu ya kutoboa, na kazi hiyo huchukua karibu siku nzima. Maharagwe yakihama, tundu lililoanzwa huachwa, na buu huchoka au hupondwa kabla ya kuanza jingine. Mtoto anayeibingirisha jerikeni kutoka mlangoni hadi kitandani na kuirudisha, kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi, anafanya kazi halisi ya ulinzi wa chakula. Kwa ndengu na kunde mchezo huo haufui dafu, kwa sababu yai limebandikwa kwa gundi na buu halitoki nje; huko kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia kwa kila kilo, kikichanganywa hadi kila punje ing'ae, huyaziba mayai pumzi na kuwafanya majike washindwe kubandika mengine.

Majivu ya kuni yaliyochekechwa, ambayo bibi wengi wa Ukambani na Magharibi walichanganya na maharagwe kizazi baada ya kizazi, yana msingi wa kisayansi: chembe zake hukwaruza nta inayofunika mwili wa mdudu, na maji ya mwili hutoka. Lakini majivu yanahitajika kwa wingi, na jiji linalopikia gesi na makaa halina majivu safi ya kutosha. Majani makavu ya mwarobaini huwasumbua wadudu wakubwa na kuwapunguza. Pilipili kavu na vitunguu saumu vinavyowekwa juu ya mchele huwafukuza baadhi yao kutoka juu, huku walio ndani ya punje wakiendelea na maisha yao. Atakaye kuviweka na aviweke, mradi asivitegemee peke yake.

Yote haya hushindwa iwapo chombo kipya hujazwa juu ya mabaki ya zamani. Katika ukingo wa ndani wa kifuniko, katika mshono wa chini wa gunia na katika kona ya kabati lililotandikwa karatasi hubaki kijiko kimoja cha vumbi, na humo huishi wadudu wa kutosha kuanzisha kizazi. Gunia kuukuu huchemshwa au hutupwa. Kabati hutolewa karatasi, hufagiwa kwa brashi hadi ndani ya nyufa, hufutwa kwa maji moto na kuachwa wazi likauke. Nafaka mpya haikutanishwi na ya zamani hata kwa siku moja. Chombo hakikai juu ya sakafu ya saruji, ambayo huvuta unyevu, bali juu ya chaga au vipande viwili vya mbao.

Unyevu ndio unaounganisha suala la wadudu na lililo zito zaidi, la kuvu. Kiwango cha Kenya kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na ufungaji usiopitisha hewa ukifanywa kwa nafaka mbichi huiozesha. Pasipo mashine ya kupimia, chumvi husaidia: punje hujazwa theluthi moja ya chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, huongezwa vijiko vichache vya chumvi kavu, chupa hutikiswa kwa dakika moja na kuachwa kwa dakika 15; chumvi ikigandamana na kioo, unyevu umepita asilimia 15 na nafaka lazima irudishwe juani. Fukusi wakizidi huongeza joto na unyevu kwa kupumua kwao, hupasua maganda, na hubeba mbegu za kuvu aina ya Aspergillus flavus, anayetengeneza sumukuvu, yaani aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo katika mahindi iliwapata watu 317, hasa Makueni na Kitui, na 125 kati yao walifariki. Haiondoki kwa kupikwa, wala kwa kusagwa, wala kwa kuoshwa.

Hapo ndipo mahindi yaliyotobolewa na mahindi yenye kuvu yanapaswa kutenganishwa kwa uangalifu. Yaliyotobolewa tu, yakiwa makavu na yasiyo na harufu, hupepetwa kwa uteo, hutiwa majini ili matupu yaelee na kutolewa, na yanayobaki hupikwa bila wasiwasi, kwa kuwa mdudu aliyepikwa si sumu. Yanayoelea huweza kupewa kuku wa kwenye vizimba vya uani. Yenye rangi ya kijani, ya kijivu au ya manjano iliyokoza, au yanayonuka uvundo, hayapewi kuku, kwa sababu sumukuvu huwadhuru na huweza kubaki katika ini na mayai yao. Wala hayauziwi mfugaji wa Njiru au Ruai kwa bei ya lishe ya ng'ombe, kwa kuwa sumu ikiliwa na ng'ombe hutoka katika maziwa siku chache tu baadaye, na maziwa hayo hurudi Eastlands alfajiri, ndani ya mitungi iliyofungwa nyuma ya pikipiki.